Mchele wa Bibi Khatuni

Siku tano kabla ya Pasaka mama alinifikisha mlangoni kwa Bibi, akanisukuma ndani pamoja na begi langu, akasema, "Msaidie bibi yako, na usimjibujibu," kisha akakimbilia kazini hospitalini kabla Bibi hajamwuliza kwa nini amekonda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, wenzangu wote pale mjini kwetu Or Yehuda, Israeli, walikuwa nje na baiskeli zao, mimi ndiye niliyetolewa sadaka.

"Simama hapo hapo," Bibi alisema. "Usikanyage zulia. Asubuhi umekula nini?"

"Mkate na jibini."

"Mkate!" Akashika kifua kana kwamba nimesema nimekula paka. "Mkate, halafu unaniingilia ndani na makombo mdomoni. Nenda kasukutue. Nawa mpaka viwikoni. Kung'uta mifuko, lakini nje, si hapa."

"Bibi, Pasaka bado siku tano."

"Bado kwako. Kwangu imeshaingia."

Ndivyo alivyokuwa Bibi Khatuni, mama yake mama. Sisi Wayahudi sote, siku saba za Pasaka, hatuli mkate wala chochote chenye chachu, na nyumba husafishwa isibaki chembe. Lakini watu wengine husafisha tu. Bibi alikuwa kama anapigana na mwizi. Alitoa kila droo, akaipindua, akaichokonoa pembeni kwa njiti ya kiberiti. Vijiko alivichemsha. Redio aliipiga mgongoni iteme makombo. Na yote hayo aliyafanya akiwa amevaa sweta la marehemu Babu, kubwa kama hema, mikono ameikunja mara tatu hadi imetuna kama maandazi.

Kazi yangu mimi ilikuwa mchele.

Sisi tuliotoka Baghdad tunakula wali siku za Pasaka, na pasipo wali Bibi angesema hakuna sikukuu. Ila mchele wa dukani huweza kuja na punje za ngano zilizopotea njia, na ngano ikilowa huhesabiwa chachu, basi ikipikwa ndani ya wali wa Pasaka, sufuria nzima ni ya kumwaga. Kwa hiyo mchele unachambuliwa punje kwa punje juu ya kitambaa cheupe, raundi tatu. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yake Bibi kule Baghdad. Bibi aliongeza yake: ikionekana ngano, raundi yoyote ile, unarudi mwanzo.

"Kilo tano?" niliuliza nilipouona mfuko.

"Watu kumi na wanane."

"Kwani kila mtu anakula gunia?"

"Mjomba wako Ezra anakula lake na la mkewe. Keti."

Niliketi. Kuchambua mchele si kazi ngumu. Ukishazoea, vidole vinakwenda vyenyewe: safi huku, jiwe kule, chuya kule. Tatizo lilikuwa Bibi. Kila baada ya dakika tano alikuja, akainama juu ya sinia, akapitisha vidole vyake katika mchele niliokwisha kuuchambua, akasema, "Mmh."

"Mmh nini, Bibi?"

"Mmh tu. Unachambua kama mtu anayefukuza nzi."

Alinigeuzia kiti nikae kwenye mwanga. Dakika kumi baadaye akanigeuza tena, eti mwanga utanichosha macho. Akaniambia nikae wima, mgongo ule utaolewa na nani.

"Na usiuhemee mchele, macho yangu," alisema. Wazee wa Baghdad humwita hivyo kila wampendaye, macho yangu, hata wakiwa wanamgombeza.

"Nisipumue?"

"Pumua pembeni."

Katikati ya safari zake za kuja kunikagua alikwenda kibarazani kulisha njiwa. Alikuwa na mfuko wa ngano yao huko nje, na kwa kuwa ngano ile lazima iishe kabla ya sikukuu, wiki hiyo njiwa walilishwa mara nne kwa siku. Walikuwa wamevimba hata kuruka kwao kumekuwa kwa mashaka. Kisha alirudi, akanawa mikono kwa sabuni hadi juu ya vifundo, akaja kuninong'onea mmh yake.

Jirani wa mlango wa pili, Bi Bronka, mwanamke wa Poland mwenye nywele fupi nyeupe, aliingia kuazima kikunio. Akanitazama nilivyoinama.

"Khatuni, mtoto unamtesa. Kwetu Pasaka wali hauguswi kabisa. Tunakula viazi, basi."

"Ndiyo maana mna sura za viazi," Bibi alijibu bila hata kugeuka.

"Lakini tunalala mapema." Bi Bronka akanigusa bega. "Pole, mwanangu."

"Usimpe pole! Ataizoea."

Siku ya kwanza nilimaliza raundi mbili. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, raundi ya tatu ilikuwa imebaki kiasi cha vikombe viwili, na kichwani nilikuwa nimeshapanda baiskeli nimefika uwanjani, nilipoiona. Punje ya ngano, nene, ya kahawia, imelala juu ya mchele wangu kama inajua ilichonifanyia.

Nilifikiria kuimeza. Sisemi uongo, niliishika kabisa kati ya vidole. Lakini Bibi, aliyekuwa anasugua jiko akiwa amenipa mgongo, aliuliza, "Mbona mkono umesimama?"

"Ngano," nilisema, na machozi yakanijia.

Hakunipa pole. Aliivingirisha ile punje katika kipande cha karatasi, akavaa viatu vyake vya kutokea, akanishika mkono, tukateremka moja kwa moja hadi dukani kwa Gurji. Duka lilikuwa limejaa watu wa manunuzi ya sikukuu. Bibi alipita katikati yao kama hawapo.

"We Gurji! Unauza mchele au chakula cha kuku?"

Gurji, mtu mpole mwenye kitambi na penseli sikioni, aliitazama punje. "Mama Khatuni, mfuko huo ulikuja umeshonwa kutoka kiwandani."

"Umeshonwa na nani, shangazi yako? Miaka thelathini nanunua kwako! Baba yako alikuwa mtu mwaminifu, Mungu amrehemu, sijui wewe walikuokota wapi!"

Watu walicheka. Mimi nilitazama makopo ya zeituni, nikitamani kuwa mojawapo. Gurji, masikio yamemwiva, alimpa mfuko mwingine mpya, ili tu aondoke. Tulipotoka, Bibi alinikabidhi niubebe.

"Umeona? Usipopiga kelele watu wanakulisha uchafu."

Tukaanza upya. Raundi ya kwanza ya mfuko mpya niliimaliza siku hiyohiyo. Siku ya tatu, raundi ya pili, nikapata punje mbili. Sikulia tena. Niliweka kichwa juu ya meza.

"Nchi nzima imeoza," Bibi alitangaza. "Rudi mwanzo. Na inua kichwa, unatoka jasho kwenye kitambaa."

"Bibi, tule viazi."

"Nini?"

"Tule viazi kama Bi Bronka! Wali siutaki! Sitakula wali tena maisha yangu yote!"

"Utakula," alisema, "na utaomba uongezewe." Akaenda kulisha njiwa.

Mama alipopiga simu usiku ule nilimwomba anifuate. Akacheka. Akasema yeye alichambua mchele wa Bibi miaka kumi na tano, na kwamba ndiyo sababu aliolewa mapema.

Siku ya nne asubuhi nilikaa mezani kimya. Nilikuwa nimeamua kutosema naye hata neno moja. Bibi alirudi kutoka kibarazani, akanawa, akaja. Akainama juu ya sinia, akanyoosha mkono ili apitishe vidole kwenye mchele wangu, na nikaona kwa macho yangu mawili: kutoka katika kunjo la mkono wa sweta, punje moja ikachungulia, ikateleza, ikaanguka juu ya mchele. Halafu ya pili.

Sikupumua, si pembeni wala popote. Nilimshika mkono, nikaukunjua ule mkono wa sweta kunjo moja, la pili, la tatu. Ngano ikamwagika mezani kama mvua. Punje hamsini, kama si sitini.

"Ni wewe!" nilipiga kelele. "Siku nne! Ni wewe, Bibi! Siyo Gurji, siyo kiwanda, ni wewe! Unachota ngano ya njiwa inaingia humo, halafu unakuja kunimwagia! Siku nne nakaa hapa mgongo unaniuma, unaniambia sijui nafukuza nzi, kumbe ni wewe!"

"Mimi nini? Punguza sauti."

"Tazama!"

Alitazama mezani. Nikangoja ashtuke. Hakushtuka. Aliendelea kutazama palepale, na palepale pamejaa ngano. Kisha akateremsha kiganja taratibu, akapapasa kitambaa, na vidole vilipoligusa lile lundo vikasimama. Akachukua punje moja, akaisogeza karibu kabisa na jicho la kulia, halafu la kushoto, mwisho akainusa.

"Zipo ngapi?" aliuliza.

"Nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Nyingi, Bibi. Meza imejaa."

Akavuta kiti, akaketi. Sijawahi kumwona ameketi mchana wiki ya Pasaka. Hasira yangu ilikuwa bado moto, lakini sasa sikujua niielekeze wapi.

"Mchele wa Gurji," akasema.

"Ulikuwa safi."

"Mifuko yote miwili?"

"Nadhani yote miwili."

Njiwa walikuwa wanakoroma nje.

"Macho yangu," akasema.

"Naam, Bibi."

Hakujibu. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananiita mimi.

Mama Mkubwa Daisi, dada yake mama, alikuwa amemsumbua mwaka mzima juu ya macho. Alimwambia lile ni mtoto wa jicho, daktari anaondoa kwa nusu saa, na Bibi alimjibu kwamba daktari akaondoe ya kwake. Mbele yetu alikuwa akitembea nyumbani mwake kwa mazoea, na sisi tukidhani anaona.

"Inuka," aliniambia. "Kaangalie zile sufuria nilizosugua. Ni safi?"

Nilikwenda. Zilikuwa zimepangwa rafuni, zimefunikwa shuka. Nilifunua. Chini ya mshikio wa ile kubwa palikuwa na ukanda wa mafuta meusi. Nyingine ilikuwa na kitu kilichokaukia ukingoni.

"Ni safi," nilisema.

"Usinidanganye. Hata mfuniko hukuugusa, ningesikia."

"Kubwa ina mafuta chini ya mshikio."

"Na ile ya supu?"

"Nayo ina kitu."

"Jiko?"

"Pembeni tu, Bibi."

"Pembeni tu!" Akasimama, rangi imemrudi. "Siku nne umo humu ndani, unayaona hayo yote, umenyamaza! Nimekulea mimi?"

"Ulisema nisikujibu!"

"Mama yako ndiye aliyesema, si mimi!"

Basi tukaanza kugombana vizuri, kama kawaida yetu, na nadhani sote wawili tulishukuru. Alivua sweta, akalitupa kibarazani kwa njiwa wenyewe. Alivaa blauzi ya mikono mifupi. Alikaa mbali na meza yangu hatua nne kamili, mikono juu ya mapaja, akasema, "Haya, chambua. Sikusogelei."

Lakini kutosogea hakukumaanisha kunyamaza. Akiwa kule alizisugua upya sufuria, na mimi nikichambua mchele ndiye niliyekuwa namwongoza.

"Kushoto, Bibi. Hapana, kushoto kwako. Juu. Bado. Bado ipo."

"Haipo."

"Ipo, naiona."

"Ilikuwepo toka mwaka wa harusi yangu, hiyo ni rangi."

"Ni mafuta."

Akasugua. Ikatoka. Baadaye nikamwambia asugue tena ukingo wa ile ya supu, na mara ya tatu nilipomwambia, akaitupa steliwaya kwenye sinki.

"Umekuwa kama mama yangu! Mungu anisamehe, alikuwa mwanamke asiyevumilika!"

Raundi tatu zilikwisha jioni ya siku ya tano. Hakuna ngano hata moja. Nilipomwambia alitingisha kichwa tu na kusema, "Funga mfuko vizuri." Kisha, wakati navaa viatu nikachezee nje angalau nusu saa iliyobaki, akaja na mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Nje, Bibi."

"Vizuri. Tupite kwa Gurji. Nina neno naye."

Njia nzima alikuwa akinung'unika, akijaribu maneno chini kwa chini. Dukani palikuwa na watu zaidi ya siku ile. Gurji alipomwona akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, kama mtu anayengoja gari limgonge.

"Gurji," Bibi alisema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia, "mchele wako ulikuwa safi. Mimi ndiye niliyekosea."

Gurji akaondoa mikono kwenye kaunta. "Haidhuru, Mama Khatuni. Sikukuu njema."

"Inadhuru. Nilikutukana mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu." Akapumua. Nilianza kumwonea fahari. "Lakini tende ulizoniuzia mwezi uliopita zilikuwa na wadudu, na hilo silirudishi."

Nilimvuta nje kwa mkoba.

Siku ya sikukuu yenyewe tulipika toka alfajiri. Alikuwa haangalii kitu, alisikiliza. Alijua mafuta yako tayari kwa sauti, wali umekauka kwa harufu. Mimi nilitengeneza madonge ya mchele yaliyojazwa nyama kwa ajili ya supu ya bitiruti, na kila donge nililompa mkononi alilipima kwa kidole gumba na kusema nene, jembamba, hili limelewa. Niliponda lozi za kuchanganya na asali ya tende mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Mara mbili nilimwambia naacha, narudi kwetu. Mara zote mbili aliniambia, "Nenda, lakini kwanza nipe chumvi."

Jioni walifika wote kumi na wanane, wananukia marashi. Tulisoma habari ya babu zetu kutoka Misri, na kama ilivyo desturi mdogo wangu akabeba mikate bapa isiyo na chachu begani ndani ya kitambaa kama mkimbizi, akaulizwa anatoka wapi, akasahau jibu, akalia. Halafu sufuria zikaja mezani, na Bibi alipoipindua ile kubwa juu ya sahani pana, wali ukatoka mzima, umevaa ukoko wa dhahabu.

"Mama!" Mama Mkubwa Daisi alisema. "Umeuchambua mwenyewe wote huu? Na macho hayo?"

Bibi akanyanyua kidevu. "Nani mwingine? Raundi tatu. Na sufuria hizi nilizisugua mwenyewe. Macho yangu hayana kasoro."

Nilingoja. Nilidhani atacheka, ataniangalia, atasema jina langu. Alikuwa anagawa wali.

"Raundi tisa!" nilisema. Sikupanga. Nilijikuta nimesimama. "Tisa, siyo tatu! Na ni mimi! Na ngano ilikuwa inatoka kwenye mkono wa sweta lake, na akamtukana Gurji bure, na sufuria zilikuwa na mafuta, na hata ngano iliyojaa mezani hakuiona!"

Mama alinipiga jicho la kuniua. Mjomba Ezra ndiye aliyeanza kucheka, halafu mkewe, halafu meza nzima, wakaomba nihadithie la njiwa mara ya pili. Mama Mkubwa Daisi peke yake hakucheka. Aliweka uma chini.

"Mama. Hukuiona ngano mezani?"

Kicheko kikafa. Bibi alikuwa ameshika mwiko hewani. Nilijuta, na wakati huohuo nilikuwa bado nimekasirika.

"Niliipapasa," Bibi alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Nilipapasa, Daisi."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuokoa, kwa kuubamiza mwiko kwenye sahani.

"Haya! Nitakwenda kwa huyo daktari wenu. Sikukuu ikiisha. Na huyu mchongezi ndiye atakayenipeleka, atangoja mpaka mwisho, na akija na makombo ya biskuti mfukoni simtaki."

"Mbona mimi?" niliuliza. "Mama Mkubwa ndiye mwenye gari!"

"Daisi ataniambia kila kitu ni kizuri. Wewe huwezi." Akakata ukoko, akaniwekea kipande kikubwa kuliko cha Mjomba Ezra, ambaye aliona na akalalamika. "Kaa chini sasa, unawazibia watu mwanga. Na kula taratibu, si mashindano."

Nilikaa. Wali ulikuwa mtamu, lazima niseme. Nilikula sahani mbili, kwa hasira.